Majani Matatu ya Mtopetope

Jumanne, 8 Aprili 1947

Langilangi vikapu viwili kabla jua halijapanda. Manjano safi, ukumbi wote wanukia. Arusi ya Mtongwe ni Alhamisi, vikuba kumi na viwili, mafungu ya maua ya kuvaa kifuani. Asumini hazijaletwa. Majani ya rehani yako majini.

Nimesafisha mpaka saa nne. Kikonyo nje, kidole gumba ndani, zungusha mara moja, uchafu wote chini: sisimizi, vumbi, vitu vidogo vya kahawia visivyo na jina. Mama alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba, naye alifundishwa na mamake. Mdudu akimuuma bibi arusi kifuani, jina la fundi limekwisha. Miaka thelathini na tatu nafunga vikuba na hajaumwa mtu. Fundi mwingine wa Likoni aseme hivyo kama anaweza.

Baada ya adhuhuri nimerudi kwenye ubao wangu. Ni mlango wa zamani, nimeubandika maua niliyoyakausha chini ya jiwe la kusagia. Ukoo wa mlangilangi. Nilianza Januari, siku Shemeji Salimu alipokunywa kahawa yangu akasema mimea nayo ina koo zake, na koo hizo hujulikana kwa kuhesabu ndani ya ua. Alisema kama mtu anayezungumzia mvua. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, mwalimu wa shule ya hapo juu. Hakujua amenitia wazimu gani.

Langilangi: vijani vitatu vya kijani chini, petali tatu za nje, petali tatu za ndani. Petali ni neno la Shemeji. Mstafeli: tatu, tatu, tatu. Mudzala wa vichakani: tatu, tatu, tatu. Na katikati ya wote kuna vijiti vidogo vilivyosongamana kama ukili wa mkeka uliokazwa. Hawa ni ndugu. Sikuambiwa na mtu, nimehesabu mwenyewe.

Naandika haya kwa herufi za Kiarabu na tarehe za kalenda ya dukani. Shemeji aweza kusoma zote mbili. Bahati njema, haingii chumbani mwangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Vikuba vimekwenda. Sifa zimerudi kabla ya kikapu.

Habari kubwa zaidi: shule itafanya maonyesho mwezi ujao, tarehe kumi. Wazazi na majirani wamealikwa kuleta kazi zao. Meza mbili. Meza ya kina mama: mikeka, kofia, vileja. Meza ya walimu: ramani, mifupa ya samaki, mambo ya elimu.

Ubao wangu utakwenda meza ya walimu. Nimemwambia Shemeji aupeleke kwa Mwalimu Mkuu autazame. Kaubeba kichwani, na mvua ikianza. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopinda njia. Ua moja likidondoka, ananijua.

Jumapili, 13 Aprili

Jibu limekuja na sikulipenda.

Mwalimu Mkuu kautazama ubao muda mrefu. Kausifu. Kisha kaweka kidole juu ya mtopetope, niliouweka mwishoni mwa ukoo. Mtopetope una petali tatu tu. Tatu za nje, nene, ndefu, kijani nje na nyeupe ndani. Za ndani hakuna. Kwa hiyo si wa ukoo huu, ama mimi sijui kuhesabu. Niutoe mtopetope, au ubao ukae meza ya kina mama, uwe pambo.

Pambo! Miezi minne nikae na mwiba wa mlimau mkononi nikifumbua maua, macho yakiniuma, ili niwe pambo la vileja.

Shemeji kasema niutoe tu, yaishe. Sitoi. Tunda la mtopetope na tunda la mstafeli ni ndugu, hata kipofu atajua kwa kupapasa. Mbegu zao ni nyeusi zile zile. Ukiyaponda majani, harufu moja. Na ndani ya ua, ule ukili uliokazwa upo. Basi nimtoe mtu katika ukoo wake kwa kuwa amepungukiwa vidole?

Shemeji kanijibu taratibu, na taratibu yake ndiyo inayoniudhi: "Shemeji, kusema ni ndugu hakutoshi. Hizo tatu zilikwenda wapi?"

Nimemnyima kahawa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempa kahawa, maana nilihitaji elimu yake.

Nimemuuliza kama ua laweza kupoteza kitu. Kaniambia laweza. Wataalamu wanasema maua hayakuwa hivi tangu mwanzo. Hubadilika kizazi baada ya kizazi, polepole mno, hata binadamu haoni. Vipande hukua, hupungua, hushikana, vingine hutoweka.

Nimesema basi ni wazi. Langilangi hulegeza petali zake zote kama nywele zilizofumuliwa, mdudu yeyote huingia na kutoka. Mstafeli na mtopetope hufumba, petali za nje ni nene, vijidudu vidogo hujificha ndani kama chumbani. Kuta ni zile za nje. Za ndani hazina kazi. Kiungo kisicho na kazi hunyauka.

Kasema sivyo hasa. Hakuna anayenyausha. Ila mtopetope uliozaliwa na petali ndogo za ndani haukupata hasara yoyote, ukazaa kama wenzake, na watoto wake vivyo hivyo, na wajukuu, mpaka zikawa ndogo kabisa. Nimefikiri. Amenishinda hapo. Ni maelezo bora kuliko yangu na nimeyachukua.

Lakini nami nikamuuliza: tutajuaje kwamba sita ndizo za kwanza, na tatu zikaja baadaye? Pengine mtopetope ndio mkubwa na wengine waliongeza. Kazungusha kikombe. Kasema ingefaa tukute baki. Baki ni la kitu kilichokuwako.

Nimelala na neno hilo.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku njema! Mwanatumu, jirani yangu, Mdigo mwenye shamba la muhogo nyuma ya nyumba, ndiye aliyenionyesha mudzala. Leo kaniletea tawi la mbokwe kutoka msituni, ule mtopetope mwitu. Kasema, "Dada, wewe na vimaua vyako. Haya, shika na hiki, usije ukanililia."

Nimefumbua kwa mwiba. Petali tatu nene za nje. Na ndani, ndiyo, tatu nyingine! Ila nyembamba. Zimekonda, zimejikunja, kama zaona haya kuwapo.

Basi nimeyapanga ubaoni. Langilangi na mudzala, sita sawasawa. Mstafeli, za ndani zapungua kidogo. Mbokwe, za ndani zimekonda. Kisha mtopetope, na nafasi tupu. Naona njia nzima. Naona mahali hasa inapokwenda. Mwanatumu hakuona kitu ila kacheza nami uani, sisi wawili watu wazima, kwa ajili ya ua la mbokwe.

Imebaki hatua moja: kukuta baki ndani ya mtopetope wenyewe.

Jumatatu, 21 Aprili

Maua thelathini ya mtopetope. Nimeyachuma wakati yanapoanza kufunguka, nimeyasafisha vizuri, nimeyafumbua moja moja mbele ya dirisha kwa kioo cha kukuzia cha Shemeji.

Hakuna. Thelathini, hakuna.

Ijumaa, 25 Aprili

Maua arubaini tena. Hakuna.

Mitopetope inamaliza maua. Mvua hii ikizidi wiki moja yatakuwa chini yote. Shemeji kaja baada ya sala, kanikuta nimezungukwa na maua yaliyopasuliwa kama mtu aliyefanya vita na kuku. Hakucheka. Kasema Mwalimu Mkuu ameniwekea nafasi nzuri meza ya kina mama, karibu na mlango.

Nimemwambia mkono wangu haukosi kitu katika ua. Kama kipo, nitakiona. Kama sijakiona, hakipo, nami nitautoa mtopetope kwa mkono wangu mwenyewe mbele yao. Nimesema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mwanatumu alisikia kule muhogoni.

Nina hasira. Nina hofu pia. Sijui nimlaumu nani, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumanne, 29 Aprili

Mbuzi imenikata nikikuna nazi. Kidole gumba cha kulia, hapa kwenye nyama. Damu mpaka kwenye kifuu. Mwanatumu kanifunga tambara kubwa, kidole chafanana na boga. Nina vikuba sita vya Jumapili. Itabidi nimpe kazi binti wa dukani, na nitalazimika kurudia kila ua baada yake.

Jumatano, 30 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilichuma maua machache ya mtopetope, ukaidi tu. Nikaketi dirishani. Nikashika ua kwa mkono wa kulia, mwiba kushoto, vibaya kama mtoto. Kulisafisha sikuweza, boga hili haliingii ndani ya ua. Nikatengua petali moja ya nje. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na takataka. Kipande cha rangi ya maziwa, ukubwa wa kichwa cha sisimizi. Nikakisukuma kwa ncha ya mwiba kitoke. Hakitoki. Nikakisukuma tena. Kimeota. Kina shina lake pale.

Nikachukua kioo. Kimoja hapa, katikati ya petali mbili za nje. Kingine hapa. Na cha tatu pale. Vitatu. Vimekaa mahali pale pale panapokaa petali za ndani za mbokwe, hata mpango ni ule ule.

Baki. Petali tatu za ndani, zimebaki magamba.

Nimelia. Nimecheka. Nimesoma Alhamdu mara tatu. Kisha nimetazama chini, kwenye jamvi nililokalia wiki nzima, pale ninapokung'utia uchafu wa maua, nikaweka mwiba chini.

Ijumaa, 2 Mei

Niandike, maana hapa hasomi mtu.

Ni mimi. Maua sabini nimeyasafisha kabla ya kuyafumbua. Kikonyo nje, kidole gumba ndani, zungusha mara moja. Sikukusudia, wala sikujua kama nafanya. Kidole kiliingia kabla ya jicho, kama kilivyofundishwa na Mama. Nilikuwa nikitupa chini kile kile nilichokuwa nikikitafuta, kisha nafungua ua na kusema hakuna. Mtu asiyefunga vikuba asingekosea hivi. Mwanatumu angeziona siku ya kwanza.

Nimefagia jamvi nikaangalia taka kwa kioo. Magamba yamo. Yamekauka kama chuya za mchele.

Jana na leo nimefumbua ishirini kwa mkono wa kushoto. Mengine yana magamba matatu. Mengine mawili, moja kubwa na moja dogo. Na mengine, wallahi, hayana kabisa, safi, na kidole changu hakikugusa. Hilo silielewi bado.

Nimwambie Shemeji? Naweza kunyamaza. Naweza kusema nimeona sasa, nikaishia hapo. Hakuna atakayejua. Lakini nilipiga kelele mpaka muhogoni kwamba mkono wangu haukosi.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia. Nilidhani atacheka mpaka feri isikie. Alinitazama, akatazama kidole, akaomba kioo. Akaangalia ua moja, mawili, matatu. Alipoinua uso macho yake yalikuwa ya mdogo wangu, si ya mwalimu.

Akasema, "Shemeji, mimi kitabu nimekisoma miaka sita. Sijapata kufungua mtopetope hata mmoja."

Nimempa vileja na kahawa, na kikombe cha pili.

Kisha akasema kwamba Mwalimu Mkuu hatakubali magamba yaliyobandikwa kwa uji wa muhogo. Atasema nimeyabandika. Lazima nifumbue ua bichi mbele yake. Na mengine hayana kitu. Nimemuuliza itakuwaje nikifumbua lisilo nacho.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua usiku kucha. Alfajiri nimekwenda chini ya mitopetope yote ninayoijua. Maua yamelala matopeni. Kwa Mwanatumu yamebaki matano juu, kwenye tawi lililojificha ukutani. Kapanda yeye mwenyewe, kanga kiunoni, na umri wake. Nimeyafunga katika kitambaa cha maji. Sikuyagusa ndani. Kidole hakijapona, nacho nakishukuru.

Matano tu.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kabla ya kuvua nguo za kutokea, nisije nikasahau hata jambo moja.

Ubao wangu ulikuwa meza ya kina mama, karibu na mlango, kati ya mkeka na sahani ya kaimati. Watu wakipita walisema wanukia vizuri. Nikavumilia. Saa tano Mwalimu Mkuu kaja na walimu wote, wazee wawili wa mtaa, na nusu ya Likoni nyuma yao, kwa kuwa Mwanatumu hakunyamaza.

Nikaketi. Kitambaa magotini, mwiba kushoto. Shemeji kashika kioo.

Ua la kwanza. Petali ya nje, ya pili, ya tatu. Hakuna. Chini palikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Mwalimu Mkuu kasema kwa upole kwamba si neno, ubao ni mzuri hata hivyo. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Nikasema, "Mwalimu, nina manne. Keti."

Aliketi. Sijui nilipata wapi sauti ile. Ni sauti ya Mama.

Ua la pili. Moja. Ya pili. Na pale, gamba. Rangi ya maziwa. Kisha lingine. Kisha la tatu. Nikaweka ua juu ya kiganja nikamwinulia. Kachukua kioo, kainama mpaka kofia ikadondoka. Hakuiokota. Kahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza, na walimu wake wamesimama.

Akauliza kwa nini yale ya ubaoni hayana hata moja. Basi nikasema. Mbele ya wote. Nikainua kidole chenye tambara, nikasema niliyatupa mimi kwa kidole hiki, kwa kuwa mimi ni fundi wa vikuba na sijui kushika ua bila kulisafisha. Wanawake walicheka, wote waliwahi kukaa na fundi. Sikuona haya. Nilidhani nitaona, na sikuona.

Na lile la kwanza, akauliza, lisilo na kitu? Hapo ndipo jambo lenyewe liliponijia, pale pale, nikiwa nimelishika. Nikamwambia ndilo bora kuliko yote. Mbokwe, za ndani zimekonda. Mtopetope, maua mengine yana matatu, mengine mawili, mengine hayana. Petali za ndani hazijamaliza kuondoka. Tumezikuta njiani.

Mwalimu Mkuu kanitazama. Kisha yeye mwenyewe, na Shemeji upande wa pili, wameuinua ubao wangu wakaupitisha katikati ya watu. Wameusimamisha meza ya walimu, kati ya ramani na mifupa ya samaki. Shemeji kaandika karatasi: Ukoo wa Mlangilangi, kazi ya Bi Mwanaisha. Nikamwambia aongeze, fundi wa vikuba. Kaongeza, kwa herufi kubwa.

Nimejivuna leo. Nimejivuna na siombi radhi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imekatika. Kidole kimepona, kimeacha alama nyekundu.

Kuna arusi ng'ambo, vikuba kumi. Langilangi kikapu kimoja. Nimeketi jamvini mwangu, nimeshika ua la kwanza, na kidole kikaenda kuingia ndani. Nimekizuia. Nimelielekeza dirishani, nimelitazama mpaka chini.

Mama alisafisha maua miaka hamsini. Natamani ningemwonyesha.

Kisha nimelisafisha, nikachukua lingine.